Mhunzi aliyezungusha gurudumu kwa sumaku na kufa kabla ya zama zake

THOMAS Davenport hakuwa msomi wa fizikia. Alizaliwa Julai 9, 1802 katika kijiji cha Williamstown, jimbo la Vermont nchini Marekani, akafiwa na babake angali mtoto, na alipofika umri wa miaka 14 akakabidhiwa kwa mhunzi ajifunze kazi. Elimu ya darasani aliipata kwa mapande. Iliyobaki aliiokota vitabuni, mivukuto ikiunguruma kando yake.

Mnamo 1833, akiwa na karakana yake huko Brandon, alisikia habari za mgodi wa chuma wa Crown Point, ng'ambo ya Ziwa Champlain. Huko palikuwa na sumaku ya umeme iliyotumika katika kazi ya kutenganisha madini ya chuma na mawe, na iliyoweza kuinua fuawe. Davenport alikuwa amefunga safari kwenda kununua chuma. Alirejea akiwa ameduwazwa na kipande hicho. Ili kupata dola 75 za kukinunua, bidhaa za nduguye Oliver zilinadiwa, na farasi mzuri akabadilishwa na mbovu.

Badala ya kuitumia sumaku hiyo, aliifumua. Mkewe, Emily, aliketi kando akiandika jinsi kila mzingo wa waya ulivyopangwa. Walipotaka kuunda sumaku zao, waya ulihitaji kufunikwa usigusane. Inasimuliwa kwamba Emily alilichana gauni lake la hariri la harusi likawa vitambaa vyembamba vya kuuzungushia. Historia, kama ilivyo ada yake, imemkumbuka mume zaidi.

Kitendawili chenyewe kilikuwa hiki: sumaku huvuta, lakini ikishavuta hung'ang'ania. Gurudumu likifika palipo na mvuto, husimama pale pale. Tofauti ya sumaku ya umeme ni kuwa yaweza kuzimwa, au ncha zake kugeuzwa, kwa kubadili tu mkondo. Davenport alifunga sumaku kwenye gurudumu na nyingine pembeni, kisha akaweka swichi iliyozunguka pamoja na mhimili, ikigeuza mkondo kila ncha zilipokaribia kukutana. Kilichokuwa kikivuta kikaanza kusukuma. Julai 1834, gurudumu likazunguka bila kukoma.

Haki itendeke: mwaka huo huo Moritz Jacobi naye aliunda mota yake huko Königsberg, pasipo mmoja kumjua mwenzake.

Davenport alizunguka vyuoni kuonyesha kifaa chake, na hata akaunda kigari kidogo kilichokimbia juu ya reli ya mviringo. Ombi la hataza lilikwama kwa kuwa hakuna mashine ya umeme iliyokuwa imewahi kupewa hataza nchini humo. Kisha moto wa Desemba 1836 ukaiteketeza Ofisi ya Hataza, pamoja na mfano aliokuwa ameupeleka. Akaunda mwingine. Februari 25, 1837 alipewa hataza nambari 132.

Ushindi huo haukumletea riziki. Mwaka uo huo uchumi wa Marekani uliporomoka na wawekezaji wakatoweka. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa betri. Zilikula zinki, na zinki iligharimu mara nyingi zaidi ya makaa yaliyoendesha injini za mvuke. Mota ilikuwa tayari. Umeme wa bei nafuu haukuwapo. Mnamo 1840 alitoa jarida jijini New York, likichapishwa kwa mtambo ulioendeshwa na mota yake, lakini nalo halikudumu.

Alirudi Vermont akiwa fukara, akashughulika na kinanda ambacho nyuzi zake zingetikiswa na sumaku. Aliaga dunia huko Salisbury mnamo Julai 6, 1851, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 49. Ilipita miaka 28 kabla ya Werner von Siemens kuwabeba abiria kwa treni ndogo ya umeme katika maonyesho ya Berlin, safari hii umeme ukitoka kwa jenereta.