Deni Letu kwa Marie Curie
Kila niwazapo tiba ya saratani kwa mionzi, humkumbuka Marie Curie, aliyezaliwa Warsaw mwaka 1867. Kwa kuwa chuo kikuu cha huko hakikuwapokea wanawake, alihamia Paris mwaka 1891. Mwaka 1898 yeye na mumewe, Pierre, waligundua radiamu. Njia ya kuitayarisha wakaitoa bure kwa ulimwengu. Mionzi yake iliua saratani, lakini haikubagua: Marie mwenyewe alifariki mwaka 1934 kwa maradhi ya damu yaliyohusishwa nayo. Leo wanasayansi wanajaribu kutia chembe ndogo mno za dhahabu ndani ya uvimbe, ili nguvu ya mionzi izidi humo na sehemu zisizo na ugonjwa zisalimike. Walimu na wanafunzi, nashikilia kuwa kumuenzi mama huyu ni kuikamilisha kazi hiyo, kisha kuyatoa maarifa yake bila bei, kama alivyofanya yeye.