Askofu Festo Kivengere, mkimbizi wa Kabale



Wengi wetu tulioingilia Bunagana tulipita Kabale ndani ya lori, tukitokea Nyakabande, watoto wamelala juu ya mizigo. Hatukuuliza ule ni mji gani. Tulitaka tu kufika Mbarara, kisha Nakivale, tupewe turubai na mahali pa kuwasha moto. Katika mji ule aliishi mtumishi wa Mungu ambaye naye alikimbia usiku mmoja, ila yeye alitoka Uganda akaelekea Rwanda. Vijana wa kwaya wanalijua jina lake tu, ndiyo maana nimeombwa kuandika habari zake katika toleo hili.

Festo Kivengere alizaliwa mwaka 1919 pande za Rukungiri, katika jamii ya wafugaji, na utotoni alichunga ng'ombe. Alisoma, akawa mwalimu, na imani aliyofundishwa shuleni ikamtoka. Alipenda pombe. Wakati huo moto wa uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulikuwa umekwisha kuingia Kigezi. Watu walisimama mbele za wenzao wakataja dhambi zao, walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni ya zamani. Waliitwa Walokole, na wengi waliwaona kama wendawazimu. Festo naye hakutaka hata kuwasikia.

Jumapili moja ya mwaka 1941 binti wa ukoo wake alisimama kanisani akashuhudia kwamba amemwombea Festo na kwamba Bwana atamwokoa siku hiyo hiyo. Festo alikasirika, akatoka akaenda kunywa. Akiwa njiani kurudi nyumbani, alikutana na rafiki yake juu ya baiskeli. Rafiki huyo akamweleza kwamba amempokea Yesu, kisha akamwomba msamaha kwa mambo mabaya waliyokuwa wakiyafanya pamoja, akiyataja moja moja. Mahubiri Festo alikuwa ameyasikia mengi. Safari hii alimwona mtu aliyekunywa naye akiwa mtu mwingine kabisa, na hakuwa na la kujibu. Alifika nyumbani akapiga magoti.

Sasa tazameni alivyoanza. Kulikuwa na mzungu mmoja ambaye Festo alimchukia sana, na mzungu huyo alikaa mbali, kama kilomita 80. Festo aliona hawezi kuomba wala kushuhudia huku chuki hiyo imo ndani yake. Alichukua baiskeli. Anayezijua barabara za Kigezi anajua milima hiyo ikoje. Alipofika alimweleza yule bwana kwamba alimchukia, na kwamba sasa amekuja kwa sababu wamekuwa ndugu. Mzungu yule alitokwa na machozi.

Alimwoa Mera, na katikati ya miaka ya 1940 wakahamia Tanganyika, ambako Festo alifundisha katika shule ya Alliance huko Dodoma hadi karibu mwisho wa miaka ya 1950. Huko ndiko Kiswahili chake kilikomaa. Mwaka 1960, mhubiri Billy Graham alipozunguka Afrika Mashariki, Festo alikuwa mkalimani wake. Mengine ya miaka hiyo nayaacha, maana kuna jambo la jikoni ambalo yeye mwenyewe alilisimulia kila mahali, na mimi naliona kubwa kuliko mikutano yote.

Siku moja alikuwa amealikwa kuhubiri. Kabla ya kutoka alikosana na Mera, akaondoka moyo umefunga. Njiani alisikia moyoni kwamba arudi akatubu kwa mke wake. Akajitetea kwamba watu wanamngoja na muda umekwisha. Jibu alilopata ni kwamba anaweza kwenda kuhubiri akitaka, ila Bwana atabaki jikoni pamoja na Mera. Alirudi jikoni, akaomba msamaha, ndipo akaenda. Akawaeleza na watu sababu ya kuchelewa.

Ndugu zangu, sisi tunaokaa katika nyumba za udongo na turubai tunajua kwamba jirani husikia kila kitu. Mimi mwenyewe nimewahi kutoka nyumbani nimenuna kwa ajili ya unga uliokwisha kabla ya siku ya mgao, Biblia kwapani, nikaenda kuongoza maombi. Jirani yangu alikuwa ameketi benchi la pili. Sikuweza kumtazama usoni. Siku hiyo niliomba kwa sauti kubwa kuliko kawaida, nadhani mnaelewa kwa nini.

Festo alitubu hata wivu. Walipokuwa wakihubiri pamoja na William Nagenda, mhubiri mashuhuri wa uamsho, aliona watu wanampenda Nagenda zaidi, na jambo hilo likamchoma. Alimwendea akamwambia wazi. Kwa mhubiri hiyo si kazi nyepesi.

Mwaka 1972 aliwekwa kuwa Askofu wa Kigezi, wakati Idi Amin anatawala. Tarehe 10 Februari 1973 wanaume watatu wa dayosisi yake walipigwa risasi hadharani katika uwanja wa Kabale. Watu walilazimishwa kutazama. Festo alikwenda uwanjani na wachungaji wawili ili waseme na wale waliofungwa pingu, akiwa hajui atawaambia nini. Alipofika akakuta nyuso zao zina furaha. Mmoja alishuhudia kwamba amemkubali Yesu na amesamehewa. Askofu akatafsiri maneno hayo kwa askari waliokuwa na bunduki. Wakafa wakipunga mikono kwa watu.

Kisha ukaja mwaka 1977. Maaskofu walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji, na nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum kupekuliwa na askari. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala. Wengine wakaambiwa waende nyumbani, Luwum akabakizwa. Festo alimngoja nje mpaka akafukuzwa. Serikali ilitangaza kwamba Luwum na mawaziri wawili, Oryema na Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyeamini. Festo alirudi Kabale, na hapo akaambiwa kwamba askari wamekuja kumtafuta. Usiku yeye na Mera walipanda milima kwa miguu gizani. Kulipokucha walikuwa Rwanda.

Hapa naomba tusome polepole, maana hapa ndipo anapotugusa sisi. Askofu huyu aliyefundisha watu kusamehe kwa zaidi ya miaka 30 aligundua akiwa ukimbizini kwamba moyo wake umeanza kuwa mchungu. Kila alipomfikiria Amin, kila alipomkumbuka Luwum, uchungu uliongezeka, na alihubiri akiwa nao. Hakuuficha. Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa London, katika kanisa la All Souls, na sala ya Yesu msalabani kwa ajili ya waliomsulubisha ikamshika. Aliona kwamba Yesu angemwombea hata Amin. Akasamehe. Mwaka huo huo akatoa kitabu kidogo kiitwacho I Love Idi Amin, yaani nampenda Idi Amin. Wako Waganda waliochukizwa na jina hilo, na mtu aliyezika watoto wake hawezi kulaumiwa kwa kuchukizwa. Festo hakusema kwamba mauaji ni mambo madogo. Aliendelea kuyataja mbele ya dunia, na kuwasaidia wakimbizi wenzake.

Amin aliangushwa mwaka 1979, Festo akarudi Kabale. Watu wake walimwona tena kanisani, akitubu na kuhubiri kama zamani. Mwaka 1983 aliwabariki wanawake kuwa makasisi, kabla ya dayosisi nyingine za Uganda, na wako waliomnung'unikia.

Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1988 kwa ugonjwa wa saratani ya damu. Amin aliishi miaka 15 zaidi, naye ukimbizini, na akafia Saudi Arabia mwaka 2003. Hawakuonana tena.