Maisha ya Dakta Hugh Trowell

Wenzangu, hapa Merikit mdogo wangu alivimba miguu, nywele zikawa nyekundu. Majirani wakasema amerogwa. Hospitalini alinyweshwa maziwa kidogo kidogo, akapona. Ndipo nikatafuta habari za Dakta Trowell.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1904. Mwaka 1929 alifika Kenya, na mwaka 1935 Uganda, akatibu wagonjwa Mulago. Kwanza aliudhania ugonjwa huo kuwa pelagra, baadaye akajisahihisha. Mwaka 1954, pamoja na Davies na Dean, alitoa kitabu juu ya kwashiorkor, inayowapata watoto walioachishwa ziwa na kulishwa ndizi au muhogo mtupu. Uzeeni akawa kasisi, akafariki mwaka 1989.

Basi likizoni tuwakumbushe mama zetu: uji wa mtoto utiwe karanga au maziwa.