Ibn Battuta na Misikiti ya Miti ya Mombasa

Ibn Battuta alizaliwa Tangier, nchini Moroko, mwaka wa 1304, katika ukoo wa makadhi. Mwaka wa 1325, akiwa kijana wa miaka 21, aliwaaga wazazi wake akaenda kuhiji Makka. Hakurudi kwao ila baada ya miaka 24.

Njiani alipita Damaski, akauona msikiti mkuu wa Banu Umayya uliopambwa kwa vijiwe vya rangi na dhahabu. Basi alipotia nanga Mombasa mwaka wa 1331, akitoka Mogadishu kwenda Kilwa, alikuwa mtu aliyekwisha kuyajua majengo makubwa ya Kiislamu.

Alilala Mombasa usiku mmoja tu. Aliwakuta watu wacha Mungu, wa madhehebu ya Shafii, chakula chao ndizi na samaki. Misikiti yao ilikuwa ya miti, naye akaisifu kuwa imejengwa kwa ustadi mkubwa. Penye mlango wa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili. Maji yalitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba, mithili ya kata. Watu walitembea miguu mitupu. Aliyetaka kuingia aliosha miguu, kisha akaisugua kwenye kipande cha jamvi nene mlangoni.

Lipo jambo litakalomshangaza mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe. Ibn Battuta alisema kisiwa hicho hakina bara, na kwamba nchi ya Sawahili iko mwendo wa siku mbili. Kumbe mlango wa bahari wa Likoni huvukwa kwa feri kwa dakika chache! Hata hivyo, alieleza kwamba wenyeji wa kisiwani hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka Sawahili. Kisiwa kililishwa na wakulima wa ng'ambo.

Je, aliyekosea juu ya bara aaminiwe juu ya misikiti? Jibu limetoka ardhini. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua katika miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa mawe walikuta mashimo ya nguzo za misikiti ya miti iliyoutangulia, wa kwanza ukiwa wa karne ya 8. Kwa hiyo anayeisoma historia ya ujenzi wa pwani kwa magofu ya mawe peke yake, kama yale ya Jumba la Mtwana, kaskazini ya Kisauni, huisoma nusu. Mafundi wa boriti na fito walitangulia.

Baadaye Ibn Battuta alifika Bara Hindi, akawa kadhi wa Delhi, mji ambao msikiti wake mkuu ulikuwa na nguzo zilizotoka katika mahekalu ya Wahindu. Alirejea Moroko mwaka wa 1349. Kwa amri ya Sultani wa Fez, habari za safari zake ziliandikwa na Ibn Juzayy, zikamalizika mwaka wa 1355. Yeye mwenyewe alifariki yapata mwaka wa 1368.

Misikiti aliyoiona Mombasa ilioza zamani. Mafundi wake hatuwajui majina, lakini sifa yao imehifadhiwa na mgeni wa usiku mmoja.