Lev Kuleshov: mwalimu aliyeonyesha nguvu ya kuunganisha picha

Tuseme umepokea video fupi kwenye simu yako. Kwanza unaona mtu anatabasamu. Kisha inakuja picha ya nyumba inayoteketea kwa moto. Kabla video haijaisha, tayari umeshamchukia yule mtu: vipi anafurahia mwenzake kuunguliwa?

Sasa jiulize: ni nani aliyekuambia kuwa mtu yule alikuwa karibu na moto? Huenda alipigwa picha mwaka jana, akiwa harusini. Picha ya kwanza haikusema hivyo, na ya pili pia haikusema. Umeelewa hivyo kwa sababu zimewekwa moja baada ya nyingine.

Jambo hili lilifanyiwa majaribio zaidi ya miaka 100 iliyopita na kijana mmoja wa Urusi, Lev Kuleshov. Wanaojifunza kuhariri filamu na vipindi vya televisheni duniani hulikuta jina lake mapema sana katika masomo yao.

Kutoka uchoraji hadi sinema

Kuleshov alizaliwa Januari 1899 katika mji wa Tambov, kusini-mashariki mwa Moscow. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Baadaye alihamia Moscow pamoja na mama yake, akasomea uchoraji.

Mwaka 1916 alipata kazi katika kampuni ya filamu ya Aleksandr Khanzhonkov. Hakuanza kama mwongozaji. Alikuwa akibuni vyumba na mandhari ambamo waigizaji wangeigizia, chini ya mwongozaji maarufu wa wakati huo, Yevgeni Bauer. Bauer alifariki mwaka 1917, na kijana huyo akaanza kutengeneza filamu zake mwenyewe kabla hajatimiza miaka 20.

Filamu yake ya kwanza, Mradi wa Injinia Prite, ilitoka mwaka 1918. Ndani yake kuna watu wanatembea shambani huku wakitazama nguzo za umeme. Ukweli ni kwamba watu hao walipigwa picha mahali pamoja na nguzo mahali pengine. Vipande vilipounganishwa, mtazamaji aliona watu wamesimama mbele ya nguzo zile zile. Hapo Kuleshov akatambua kwamba mhariri anaweza kutengeneza mahali ambapo hapapo popote duniani.

Kumbuka kwamba enzi hizo hapakuwa na kompyuta. Filamu ilikuwa mkanda unaoshikika mkononi. Mhariri aliutazama kwenye mwanga, akaukata kwa mkasi na kuunga vipande kwa gundi.

Darasa lisilo na mikanda

Mwaka 1919 serikali mpya ya mapinduzi ilifungua chuo cha filamu mjini Moscow, ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa cha kwanza duniani. Nchi ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Kuleshov mwenyewe alikwenda kupiga picha za vita hivyo. Aliporudi alianza kufundisha, akaunda kikundi chake cha wanafunzi.

Tatizo kubwa lilikuwa vifaa. Mikanda mipya ya kupigia picha ilitegemea kuagizwa kutoka nje, na vita vilikuwa vimefunga njia. Utafundishaje filamu bila mkanda?

Kuleshov na wanafunzi wake walitafuta njia. Waliigiza visa vifupi jukwaani kana kwamba kamera ipo. Kila kisa kilikatwa vipande, na waigizaji wakabadilisha mandhari haraka kama filamu inavyoruka kutoka picha moja hadi nyingine. Wenyewe waliziita filamu zisizo na mkanda. Pia walichunguza filamu za Kimarekani, wakitaka kujua kwa nini watu walizipenda kuliko za Kirusi. Kuleshov aliona jibu katika uunganishaji: Wamarekani walitumia vipande vingi vifupi, Warusi wakaacha kipande kimoja kiende kwa muda mrefu.

Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Vsevolod Pudovkin na Boris Barnet, ambao baadaye wakawa waongozaji wakubwa. Sergei Eisenstein naye alijifunza kwake kwa miezi michache. Mwigizaji Aleksandra Khokhlova alikuwa mwanafunzi, kisha akawa mke wake na mwenzake wa kazi hadi mwisho wa maisha yake.

Leo kijana mwenye simu anaweza kupata masomo ya kuhariri kwenye intaneti, na akikwama akauliza wenzake kwenye kundi. Kwa Kuleshov, kundi lilikuwa wale waliokaa naye chumba kimoja. Walichogundua walikigundua kwa kujaribu, kubishana na kujaribu tena.

Uso mmoja, hisia tatu

Jaribio linalokumbukwa zaidi lilitumia uso wa Ivan Mozzhukhin, nyota wa sinema ya Urusi kabla ya mapinduzi. Kuleshov alichukua kipande cha zamani chenye uso huo ukiwa umetulia. Akakiunganisha na sahani ya supu, kisha na maiti katika jeneza, kisha na mwanamke.

Kwa mujibu wa masimulizi yaliyobaki, waliotazama walisifu uigizaji. Waliona njaa mbele ya supu, huzuni mbele ya jeneza na tamaa mbele ya mwanamke. Kumbe uso ulikuwa ule ule.

Mkanda wa jaribio hilo umepotea, na masimulizi yanatofautiana kuhusu picha zilizotumika. Watafiti wa miaka ya karibuni wamelirudia: wengine hawakupata matokeo hayo, wengine wameyapata kwa kiasi. Hata hivyo, kanuni yenyewe imebaki msingi wa kazi ya uhariri, na wataalamu huiita athari ya Kuleshov.

Kikundi hicho kilifanya pia jaribio la kumtengeneza mwanamke ambaye hayupo, kwa kuunganisha midomo ya mmoja, miguu ya mwingine na mgongo wa mwingine tena.

Sifa, kisha lawama

Mikanda ilipoanza kupatikana, kikundi kilitengeneza filamu halisi. Mwaka 1924 ilitoka filamu ya vichekesho kuhusu Mmarekani, Bwana West, anayefika Urusi akiwa amejaa hofu ya yale aliyosoma magazetini. Mwaka 1926 ikafuata Kwa Mujibu wa Sheria, iliyotokana na hadithi ya Jack London. Ilitumia waigizaji wachache na kibanda kimoja, na hadi leo inahesabiwa miongoni mwa kazi zake bora. Mwaka 1929 alichapisha kitabu kuhusu sanaa ya sinema. Wanafunzi wake waliandika humo kwamba wao walitengeneza filamu, lakini aliyeitengeneza sinema yenyewe ni Kuleshov.

Miaka ya 1930 upepo ulibadilika. Chini ya utawala wa Stalin, wasanii waliojaribu mbinu mpya walishutumiwa kwamba wanajali ufundi kuliko ujumbe wa chama. Kuleshov alikuwa mmoja wao, na alilazimika kuikosoa kazi yake mwenyewe hadharani. Nafasi ya kuongoza filamu ikapungua, na ya mwisho ilitoka mwaka 1943.

Kufundisha hakuacha. Mwaka 1944 alipewa uongozi wa chuo kile kile cha Moscow, na aliyempendekeza ni Eisenstein, mwanafunzi wake wa zamani. Alifariki Machi 1970 akiwa na miaka 71.

Kwa nini anatuhusu

Sisi wa redio pia tunakata na kuunga. Mahojiano ya nusu saa yanageuka dakika tatu, na kicheko kikiwekwa baada ya jibu fulani, msikilizaji atasikia dharau ambayo haikuwepo. Ndiyo maana mhariri mwaminifu hukata ili jambo lieleweke, si ili mtu aonekane alichosema ambacho hakukisema.

Siku hizi mkasi wa Kuleshov uko ndani ya simu ya kila mmoja wetu. Kwa hiyo video ikikukasirisha, itazame tena kabla ya kuituma. Je, mtu na tukio vinaonekana pamoja katika picha moja, au picha inakatika kati yao? Sauti inatoka kwa yule unayemwona, au imepachikwa? Nini kilikuwa kabla ya kipande hicho, na nini kilifuata?

Ukikosa majibu, usiitume. Yule anayetabasamu kwenye video ana jirani na ndugu, na wao pia wana simu.