Umaarufu na Umiliki: Maisha ya Mtunzi Samuel Coleridge-Taylor (1875–1912)

1.0 Utangulizi

Samuel Coleridge-Taylor ni miongoni mwa watunzi wa kwanza wenye asili ya Kiafrika waliopata sifa kubwa katika muziki wa klasiki wa Uingereza. Mara nyingi maisha yake yamesimuliwa kama kisa cha kijana aliyeushinda ubaguzi wa rangi kwa kipaji chake. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Makala haya yanadai kwamba ili kuyaelewa maisha hayo hatuna budi kulichunguza pengo lililokuwapo kati ya umaarufu wa kazi yake na umiliki wa kazi hiyo.

2.0 Malezi na Elimu

Coleridge-Taylor alizaliwa Holborn, London, tarehe 15 Agosti 1875. Baba yake, Daniel Taylor, alitoka Sierra Leone kwenda Uingereza kusomea udaktari, kisha akarejea Afrika Magharibi. Hakushiriki katika malezi ya mwanawe. Mama yake, Alice, aliyekuwa Mwingereza, alimlea pamoja na jamaa zake huko Croydon, kusini mwa London. Jina alilopewa lilifuata lile la mshairi Samuel Taylor Coleridge.

Babu yake mzaa mama ndiye aliyemfundisha kwanza kupiga fidla. Baadaye Herbert Walters, aliyeongoza kwaya ya kanisa, alikitambua kipaji chake akamsaidia kuingia katika Chuo cha Kifalme cha Muziki mwaka 1890. Aliingia akiwa mwanafunzi wa fidla, lakini baada ya muda alihamia utunzi, akafundishwa na Charles Villiers Stanford.

3.0 Kantata ya Gini 15

Mwaka 1898 ndio uliomtangaza. Kwa mapendekezo ya Edward Elgar, alipewa nafasi ya kutunga kazi ya okestra kwa ajili ya tamasha la Gloucester. Tarehe 11 Novemba mwaka huo huo, Stanford aliongoza onyesho la kwanza la kantata yake, Hiawatha's Wedding Feast, iliyotungwa kutokana na utenzi wa Mmarekani Henry Wadsworth Longfellow. Baada ya muda mfupi, kwaya za miji mingi zilikuwa zikiiimba.

Hata hivyo, kantata hiyo alikwisha kuiuza moja kwa moja kwa wachapishaji Novello kwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15. Ieleweke kwamba mtunzi huyo alikuwa na umri wa miaka 23 tu, na kwamba mauzo ya namna hiyo yalikuwa ya kawaida. Aidha, biashara ya muziki wa kwaya ilikuwa na utaratibu wake: kila mwimbaji alihitaji nakala yake, hivyo kwaya ya watu 200 ilinunua nakala 200. Kadiri kantata ilivyopendwa ndivyo mchapishaji alivyozidi kupata, na mtunzi hakuongezewa kitu.

Mwaka 1899 alimwoa Jessie Walmisley, aliyewahi kusoma naye chuoni, wakapata watoto wawili. Ili kuikimu familia, alifundisha vyuoni, akaongoza kwaya na okestra, na akawa mwamuzi wa mashindano ya muziki, huku akiendelea kutunga.

4.0 Mahusiano na Watu Weusi

Coleridge-Taylor alishiriki katika Mkutano wa Umoja wa Waafrika uliofanyika London mwaka 1900. Mwaka uliofuata, Wamarekani weusi wa jiji la Washington waliunda kwaya iliyoitwa kwa jina lake. Kwa mwaliko wao alizuru Marekani mwaka 1904, akapokewa na Rais Theodore Roosevelt, kisha akarudi huko mwaka 1906 na 1910. Mwaka 1905 alitoa mkusanyo wa vipande 24 vya piano uliotokana na nyimbo za watu weusi, zikiwamo za Waronga wa kusini mwa Msumbiji.

5.0 Kifo na Yaliyofuata

Mwaka 1912 alizidiwa na ugonjwa katika kituo cha reli cha West Croydon. Alifariki nyumbani kwake tarehe 1 Septemba kwa kichomi, akiwa na umri wa miaka 37. Mfalme George wa Tano alimpa mjane pensheni ya pauni 100 kwa mwaka, na marafiki waliandaa onyesho la kuichangia familia. Kisa chake kilitajwa na waliodai haki za watunzi, na mwaka 1914 kiliundwa chama cha kukusanya mrabaha wa maonyesho ya muziki. Kati ya 1924 na 1939, Hiawatha ilionyeshwa karibu kila mwaka katika ukumbi wa Royal Albert Hall, mbele ya umati mkubwa.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba sifa haikumpa mtunzi huyu umiliki wa kazi yake mashuhuri kuliko zote. Hali kadhalika, zile nyimbo za Waronga zinatukumbusha kwamba yeye mwenyewe alichota katika hazina ya wengine. Mkusanyo wake ulitaja nyimbo zilikotoka, lakini sheria za wakati ule hazikuwatambua waliozitunga. Kwa sisi tunaokusanya fasihi simulizi, maisha yake yanatupa maswali mawili: nani alitunga, na nani ananufaika?