George Streisinger na kisamaki kinachounga uti wake

Msimu wa karafuu ukiingia hapa Pemba, hatukosi kusikia habari ya mchumaji aliyeteleza mtini. Wengine huinuka wakajipangusa. Wengine huumia uti wa mgongo, na miguu haiwatii tena. Kwa nini mfupa uliovunjika huunga, lakini mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya uti haiungi? Kulifuata swali hili kumetufikisha kwa bwana mmoja na samaki wake.

George Streisinger alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1927, katika familia ya Kiyahudi. Akiwa bado mtoto, wazazi wake walikimbilia New York kuwaepuka Manazi. Alisomea elimu ya urithi, akapata jina kwa kuchunguza virusi vinavyoshambulia bakteria, na mwaka 1960 akahamia Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani.

Kazi ya virusi ilikuwa ikimwendea vizuri. Lakini alitaka kujua vipi ubongo na mishipa ya fahamu hujengwa kuanzia kwenye yai, na virusi havina ubongo. Alihitaji mnyama mwenye uti wa mgongo kama sisi, ila mdogo, mzazi sana na wa bei rahisi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akachagua kisamaki cha maji baridi cha India na nchi jirani, chenye milia kama pundamilia na urefu usiozidi kidole. Alivinunua dukani, kama watu wanunuavyo samaki wa pambo. Sisi tuliozoea changu na jodari tungekiona hakifai hata kwa chambo.

Uzuri wake umo kwenye yai. Yai hukulia nje ya tumbo la mama, na kijusi chake ni angavu kama kioo. Kwa hadubini unaona moyo ukidunda na mishipa ikichipua, ndani ya siku moja au mbili tu.

Miaka ikapita bila ya kutangaza jambo kubwa. Halafu, mwaka 1981, akaeleza njia yake: aliharibu urithi wa mbegu za dume kwa mionzi, zikabaki na kazi ya kuliamsha yai tu, kisha akaligandamiza yai au kulipasha joto mpaka kromosomu za mama zikawa maradufu. Vifaranga walirithi kwa mama peke yake, na kasoro iliyojificha ikajitokeza wazi.

Alifariki mwaka 1984, akiwa na miaka 56, akiwa anazamia majini. Wenzake waliendelea. Leo tunajua kwamba karibu asilimia 70 ya jeni za binadamu zina wenzao ndani ya samaki huyu, na kwamba akikatwa uti huogelea tena baada ya wiki chache. Kwake, seli zinazosaidia mishipa hujenga daraja juu ya jeraha. Kwetu, hapo huota kovu. Mwaka 2016 watafiti walitaja protini moja inayosaidia kujenga daraja hilo. Protini hiyo hata sisi tunayo. Dawa ya kumrudisha mchumaji mtini bado haijatoka humo.